Dar hadi Mbeya kwa gari lenu: mwongozo kamili wa safari ndefu isiyochosha

Muulize mtu aliyetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya kwa gari lake safari ilikuwaje, na mara nyingi atakujibu kwa saa: "Tulitoka saa tisa usiku, saa kumi na moja jioni tukawa Uyole." Tembo wa Mikumi hakuwaona kwa sababu alikuwa anawahi. Mibuyu ya Ruaha aliipita macho yamemwiva kwa usingizi. Watoto walitapika, wakalia, wakalala, na bibi aliyekaa nyuma alishuka Mbeya miguu imevimba.

Barabara ya TANZAM, iendayo Zambia, ina zaidi ya kilomita 800 kati ya miji hii miwili, na ndani yake mna hifadhi ya taifa, korongo la mto, mlima wa kona kali, uwanja wa vita maarufu na mashamba ya mpunga yasiyoisha. Ushauri wangu mkubwa, ambao mengine yote yanaufuata, ni huu: tumieni siku mbili na mlale Iringa. Gharama ya chumba cha usiku mmoja inauma, najua, hasa wakati wa likizo ambapo kila kitu kinadai hela. Lakini hakuna pesa nyingine katika safari hii itakayowapa raha kama hiyo, wala itakayompunguzia dereva hatari kama hiyo.

Mwongozo huu ni wa familia yenye gari dogo. Mnaokwenda kwa basi nimewawekea yenu mbele kidogo.

Wiki moja kabla: gari kwa fundi

Usipeleke gari gereji jioni ya kuamkia safari. Fundi akigundua breki zimeisha saa moja usiku, ataweka spea yoyote iliyopo dukani, au atakuambia "itafika tu". Peleka wiki moja kabla, kisha liendeshe mjini siku zilizobaki. Kama kuna kilichofungwa vibaya, kijitokeze Tabata, kisingoje mlima wa Kitonga.

Mwambie fundi aangalie breki, rejeta na mipira yake, mkanda wa feni, oili, wipa na taa zote. Matairi yaangalie mwenyewe. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata (meno) nzuri na bado mpira wake ukawa umezeeka na kuanza kupasuka vipasuko vidogo, hasa lile la mtumba lililokaa juani. Tairi la akiba lijazwe upepo, na ujaribu jeki na spana yako ukiwa nyumbani, maana nati zilizokazwa kwa mashine ya gereji huwa hazifunguki kirahisi kandokando ya barabara.

Kwenye buti ziwepo pembetatu mbili za kuakisi, mtungi wa kuzimia moto, sanduku la huduma ya kwanza, tochi, na madumu mawili ya maji ambayo si ya kunywa. Namba ya dharura ni 112.

Siku moja kabla: mzigo na viti

Panga mzigo kwa kujiuliza kitu gani kitatakiwa njiani. Masweta na mashuka yanayozoeleka kutupwa chini kabisa ya buti ndiyo yanayotakiwa ndani. Mtatoka Dar na fulana, mle joto la Ruaha Mbuyuni mchana, kisha mpande Kitonga na ndani ya muda mfupi muwe kwenye baridi ya Iringa, mji ulio karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kati ya Juni na Agosti baridi hiyo haina utani kwa mtoto wa Temeke.

Viti navyo vipangwe mapema ili asubuhi kusiwe na ugomvi. Anayesumbuliwa na kichefuchefu akae mbele, au nyuma katikati anapoweza kuona barabara kupitia kioo cha mbele. Bibi au babu akae upande ambao mlango wake unafunguka vizuri na miguu inanyooka. Watoto wadogo wakae kwenye viti vyao vya gari, na wote waliokaa nyuma wafunge mikanda. Kupakata mtoto si kinga. Breki ya ghafla humtoa mikononi hata mwa mama mwenye nguvu.

Muziki, hadithi za sauti na ramani zipakueni kwenye simu mkiwa na intaneti ya nyumbani. Msitegemee mtandao ndani ya hifadhi wala kwenye korongo la Ruaha.

Na dereva alale. Huu ndio mzigo wa kwanza kufungwa. Kazi za kupakia na kupika vitafunwa ziishie mikononi mwa wengine, yeye awe kitandani saa tatu usiku.

Chakula cha njiani

Bebeni vitu vikavu visivyo na mafuta mengi: viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, mkate, karanga, ndizi mbivu, machungwa yaliyokwisha menywa. Chapati ni tamu lakini zikizidi, pamoja na kona za Ruaha, zinarudi. Soda waachieni watoto kwa kiasi, maana sukari ikipanda gari zima linageuka uwanja wa mpira. Chupa ya chai ya tangawizi inafaa kwa wote, hasa kwa wenye tumbo jepesi.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo wekeni kopo lenye mfuniko kwa ajili ya mwenye kutapika, na mfuko wa kitambaa wa takataka. Anayetumia dawa ya kichefuchefu aulize duka la dawa kipimo cha umri wake na aimeze kabla ya kuanza kuyumba, kwa sababu ikisubiri hadi hali iharibike haisaidii sana. Dereva asiiguse, kwani nyingi zinaleta usingizi.

Kuhusu kuchimba dawa, fanyeni sheria: kila gari linaposimama kwenye sheli, kila mtu anashuka, awe na haja au hana. Tishu na sabuni ziwe kwenye mkoba wa mbele. Vichakani kandokando ya barabara kuna nyoka na kuna malori yanayopita kwa kasi, na mtoto hajui kupima lolote kati ya hayo mawili.

Siku ya kwanza, Dar hadi Iringa: kilomita 500 hivi

Ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Mkitoka saa moja asubuhi mtakutana na mji mzima uko barabarani kuanzia Kimara hadi Kibaha. Watoto wabebwe na mablanketi yao wakiwa bado usingizini, na wakiamka Chalinze mtakuwa mmemaliza kipande kinachochosha kuliko vyote, chenye malori mengi na mandhari haba.

Kifungua kinywa kiwe Morogoro, kilomita takribani 195 kutoka Dar, mkiwa mnaitazama milima ya Uluguru kabla mawingu hayajaifunika. Kaeni nusu saa kamili. Huu ni wakati wa kunyoosha miguu na wa dereva kunywa chai akiwa ameketi kwenye kiti kisichotembea. Pale Msamvu njia ya Dodoma na ya Iringa zinaachana. Kuanzia hapo malori hupungua kidogo na safari yenyewe ndiyo inaanza.

Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, inakatwa na barabara kwa kilomita 50 hivi, na kupita tu barabarani hakulipiwi kiingilio. Hapa ndipo ninapowasihi mpunguze mwendo. Vibao vya mwendo vipo, na vya faini za kugonga wanyama vipo, lakini hata visingekuwepo, kilomita 50 kwa saa ndiyo kasi inayowafanya muone. Fungeni redio. Mpeni kila mtoto upande wake wa dirisha: mmoja kushoto, mwingine kulia. Mwanzoni watasema hakuna kitu, kwa sababu macho ya mjini hutafuta mnyama mzima aliyesimama peupe. Wafundisheni kutafuta mkia unaopepea chini ya mti, au shingo ya twiga inayofanana na shina mpaka igeuke. Wakiona pundamilia wa kwanza kwa macho yao wenyewe, kazi yenu ya kuburudisha watoto imekwisha hadi mji wa Mikumi. Msishuke garini, msiwape nyani chakula. Nyani aliyezoea kulishwa husogelea kila gari, na mwisho wake ni kugongwa.

Baada ya mji wa Mikumi barabara inaingia milimani na kuufuata Mto Ruaha Mkuu. Kona zinaanza. Simu za watoto ziwekwe mbali, vioo vifunguliwe kidogo, na kila mtu atazame mbali. Mnaweza kuanza vitendawili, mchezo ambao hauhitaji kuinamisha kichwa. "Kitendawili!" "Tega!" "Kila niendapo ananifuata." Kivuli. "Nyumba yangu haina mlango." Yai. Bibi akiwa garini mwachieni uongozi, na mtashangaa ana akiba kiasi gani.

Ruaha Mbuyuni kuleni chakula cha mchana, lakini dereva ale nusu ya anachotamani, kwa kuwa joto la bonde hili pamoja na sahani ya wali iliyojaa ni dawa ya usingizi. Akihisi macho mazito, anywe kahawa kisha aegeshe kivulini na kulala dakika 15 hadi 20. Akiamka kahawa itakuwa imeanza kufanya kazi. Watoto waende kuupima mbuyu, washikane mikono waone inatakiwa mikono mingapi kuuzunguka. Wauza vitunguu watakuja hadi dirishani na nyavu zao nyekundu, wanazinyanyua juu ili muone vilivyo chini havijaoza. Leo washukuruni tu. Sababu nitaieleza mwishoni.

Kitonga

Mlima huu unatakiwa kupandwa mchana, gari likiwa limepumzika na dereva akiwa macho. Ni kilomita chache tu za kona zilizochongwa ubavuni mwa mlima, na zina malori yanayopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, huku mengine yakishuka yamebeba shaba.

Panda kwa gia ndogo. Mshale wa joto ukianza kusogea juu, zima kiyoyozi. Gari likichemsha, tafuta pa kuegesha salama, lizime na usubiri. Usifungue rejeta ikiwa ya moto kwa hali yoyote, hata msaidizi wa barabarani akikuhimiza. Maji yake yanaruka na kuunguza uso.

Ukiona matawi mabichi ya miti yamepangwa barabarani, mbele yako kuna lori limekwama. Hiyo ni alama ya madereva wote wa njia hii, na mara nyingi utaiona kabla hujaiona pembetatu yoyote. Ukilipita lori lililosimama utamkuta utingo amechuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, ameshika gogo la kuzuia, anamtazama dereva wake bila kupepesa macho. Mpe nafasi.

Madereva wa malori hukusaidia pia kwa taa: wengi huwasha indiketa ya kulia kukuambia usipite, kuna gari linakuja, na ya kushoto kukuambia njia ni nyeupe. Pokea kama ushauri, lakini usiovateki mpaka uone barabara kwa macho yako mwenyewe, na kwenye kona za Kitonga usiovateki kabisa. Kukaa nyuma ya semi trela kwa robo saa kunawapa abiria muda wa kulitazama bonde lote lililobaki chini. Siku ya kurudi, mkishuka, acheni gia ndogo ilizuie gari. Anayekanyaga breki muda wote huzichoma, na breki ya moto haishiki.

Jioni ya Iringa

Baada ya Ilula kuna Lugalo, kando kabisa ya barabara. Hapa tarehe 17 Agosti 1891 mashujaa wa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, waliwavizia wanajeshi wa Kijerumani na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Simameni kwenye mnara dakika kumi, mkubwa mmoja asimulie. Mkwawa alikufa mwaka 1898, fuvu lake likapelekwa Ujerumani na kurudishwa mwaka 1954, na sasa liko kwenye makumbusho ya Kalenga, kilomita 15 hivi kutoka mjini. Mtoto aliyekwisha simama Lugalo hasahau somo hilo la historia.

Mkizingatia mwendo huu mtaingia Iringa kama saa kumi na nusu jioni, jua lingalipo. Pandeni kutoka Ipogolo hadi mjini juu, tafuteni pa kulala mlipoweka nafasi mapema na penye maegesho yenye mlinzi, kisha wanaotaka waende Gangilonga, jiwe kubwa ambalo mtu akiwa juu yake anauona mji wote. Hapo masweta yameshavaliwa. Ulanzi, pombe ya mianzi, ni kinywaji cha huku na wageni hupenda kuuonja. Dereva wa kesho asubiri Mbeya.

Siku ya pili, Iringa hadi Mbeya: kilomita 330 hivi

Jazeni mafuta, angalieni oili na upepo gari likiwa bado baridi, na msiwahi mno. Ukungu wa asubuhi kuelekea Mafinga unaweza kuwa mzito kiasi cha kuficha lori zima. Saa mbili hivi huwa umeanza kuinuka.

Kilomita kama 20 tu kutoka mjini kuna Isimila, bonde lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji ya mvua, na ambapo zana za mawe za watu wa kale ziligunduliwa mwaka 1951. Tengeni saa moja na nusu, mvae viatu vya kutembelea. Kushuka bondeni asubuhi kunachosha miguu ya watoto kwa namna nzuri, na kuanzia hapo hadi Makambako watasinzia.

Mafinga na misindano ya Sao Hill ni mandhari ya kutazama mkiwa mnaenda: mistari ya miti, magogo, mbao, moshi wa asubuhi. Makambako ndiko mpumzike, ni katikati hivi ya kipande hiki, na njia ya Njombe na Songea inachepuka hapo. Kisha barabara inashuka hadi Igawa, Chimala na Igurusi, mashamba ya mpunga ya Usangu upande mmoja na milima upande wa pili. Kwa watoto wakubwa kipande hiki kinafaa mchezo wa namba za malori: anayeona la Zambia anapata alama moja, la Malawi mbili, la Kongo tatu. Barabara inaelekea Tunduma, mpakani na Zambia, kwa hiyo hayakosekani.

Vijiji ni vingi, na kila kijiji kina kibao cha 50. Trafiki wenye tochi za kupima mwendo wapo. Kinachonigusa zaidi ni watoto wa shule wanaovuka, na wazee wenye baiskeli za mkaa ambao hawawezi kukwepa haraka. Hesabuni 50 hizo kwenye muda wenu tangu mwanzo, hamtaona mnacheleweshwa.

Mnaokwenda kwa basi

Muda wa kulala Iringa mnaweza kuupata pia: kata tiketi ya Dar–Iringa, kisha kesho yake Iringa–Mbeya. Kiti kizuri kwa mwenye kichefuchefu ni cha mbele, kwa mwenye mgongo ni cha kati ya magurudumu, na cha nyuma kabisa kiachieni vijana. Upande nao una maana: kati ya Juni na Agosti jua linapita kaskazini yetu, na basi linaelekea magharibi, kwa hiyo wa kulia wataungua mchana kutwa. Kaa kushoto wakati wa kwenda, kulia wakati wa kurudi. Beba sweta, maji kidogo, na chenji ya choo mkononi, kwa sababu kituo cha kuchimba dawa hakisubiri mtu anayetafuta pesa kwenye begi.

Kurudi, na ununuzi

Kaeni Mbeya angalau siku mbili kabla ya dereva kushika usukani tena. Kumbukeni kuwa mkienda, jua la alasiri linampiga dereva machoni. Mkirudi, ni la asubuhi. Miwani na kioo cha mbele kilichooshwa vizuri vinasaidia pande zote mbili.

Manunuzi yote yawe ya kurudi, na yafuate uvumilivu wa bidhaa. Mchele nunueni Igurusi kwa kuwa hauharibiki, na uwekwe chini kabisa. Nyanya za Ilula zichukuliwe mbichi kidogo, kwenye tenga, zikae juu ya kila kitu pasipopigwa jua. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni viwe vya mwisho, shikeni vilivyokauka shingo, na mvifunge mahali penye hewa: vikiwa kwenye buti lililofungwa, na garini mna mtoto mwenye kichefuchefu, harufu yake itawafikia mbele kabla hamjafika Mikumi. Na mzigo ukizidi, ongezeni upepo wa matairi ya nyuma kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva kabla ya kuanza kushuka Kitonga.